Maktaba za Kidijitali na Uhakiki wa Fasihi katika Shule za Upili: Hali ya Migori na Homa Bay

Mtahiniwa wa Muhuru Bay, wa Kehancha na wa kisiwa cha Mfangano huketi siku moja na mwenzake wa Nairobi, wakafungua Karatasi ya Tatu ile ile ya Kiswahili na kupimwa kwa kigezo kimoja. Hakuna swali linalopunguzwa makali kwa sababu shule haina maktaba. Hili kila mwalimu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba watahiniwa hawa hawajasoma vitu vilevile kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Vitabu teule ni vimoja, ila kinachosomwa kando yake hutofautiana. Katika kaunti zetu hizi mbili, kinachosomwa kando ya kitabu teule mara nyingi ni kitu kimoja tu, nacho ni mwongozo.

Siwaandami waandishi wa miongozo. Mwongozo una kazi yake: humkumbusha mwanafunzi mtiririko wa matukio, ukampangia wahusika na mbinu za lugha. Kasoro yake ni kwamba hujibu maswali ambayo msomaji hajajiuliza. Mwanafunzi hupewa orodha, mathalani "ndoa, elimu, ulevi, taasubi ya kiume", akaikariri, kisha akaimwaga katika karatasi hata pale swali linapodai jambo jingine kabisa. Siku hizi hata mwongozo wenyewe umekonda. Husafiri kwenye WhatsApp kurasa tatu tatu, bila jina la mwandishi, bila mwaka, bila mchapishaji. Ukisahihisha insha za wanafunzi wa shule mbili zisizojuana, moja Rongo na nyingine Oyugis, usishangae kukutana na sentensi ile ile pamoja na kosa lake la tahajia.

Msomaji atasema kwamba dawa inajulikana: maktaba za kidijitali. Kauli hii tumeisikia katika warsha nyingi, na wengi wetu hukubali kwa kichwa huku tukiwaza gharama ya bando. Makala haya yanashikilia kwamba tumekuwa tukiutazama mlango usiofaa. Sehemu kubwa ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili iko wazi, haitozi hata shilingi, na inafunguka kwenye rununu ya kawaida. Kinachotuacha nje mara nyingi ni jina: hatujui kitu kimesajiliwa kwa jina gani, wala hatuendi na swali la kukitafutia.

Yafaa kwanza tukubaliane kuhusu dhana yenyewe. Neno "maktaba" latokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia "kitabu" na "katibu". Kwa hiyo maktaba ni zaidi ya rundo la vitabu, kwa kuwa ndani yake mna pia kazi ya mtu aliyeandika orodha na kuisimamia. Mtandao kwa jumla hauna katibu. Maktaba ya kidijitali inaye: kila andiko lina jina la mwandishi, mwaka, chapisho lilikotoka, na taasisi inayolidhamini. Mwanafunzi anayeandika "Bembea ya Maisha maudhui" kwenye kitafutio hajaingia maktabani bado. Yuko sokoni, tena siku ya soko.

Sasa tuangalie kilichomo. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilianza mwaka wa 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Limelelewa na TUKI, na tangu mwaka wa 2009 na TATAKI. Matoleo yake kadhaa, pamoja na ya jarida la Mulika, yamo katika tovuti ya majarida ya chuo hicho, na makala mengi yameandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Jarida la Swahili Forum, lililoanzishwa Ujerumani mwaka wa 1994, linapatikana bure tangu matoleo yake ya awali. Humo utakuta, kwa mfano, makala ya Kyallo Wadi Wamitila ya mwaka wa 1998 kuhusu falsafa katika nathari ya Kezilahabi. Ni Wamitila yule yule ambaye Uhakiki wa Fasihi yake ya 2002 na Kamusi ya Fasihi ya 2003 ziko kwenye rafu za walimu wengi. Hali kadhalika, hazina za kidijitali za Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na Maseno zina tasnifu za uzamili na uzamifu kuhusu fasihi ya Kiswahili, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili fasaha. Kwa mwalimu anayefundisha ushairi, Chuo cha SOAS cha London kimeweka wazi hati za Kiswahili zilizokusanywa na akina Taylor, Hichens na Allen, nyingi zikiwa kwa hati za Kiarabu. Kwa mwalimu wa methali na ngano, Internet Archive inazo Swahili Tales za Edward Steere za 1870 na mkusanyo wa methali wa W. E. Taylor wa 1891.

Orodha hii yatosha kuonyesha kwamba ghala si tupu. Kwa nini basi haimfikii mwanafunzi wa Nyatike?

Nianze na majina ya waandishi, kwa sababu hapa ndipo nilipoona walimu wengi wakikata tamaa. Utengano, riwaya ya 1980 iliyosomwa na vizazi vya watahiniwa wetu, inajulikana kuwa ya Said Ahmed Mohamed. Mwandishi huyo pia ni mhakiki mkubwa, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Lakini uhakiki wake ameutia sahihi kwa jina la Said A. M. Khamis. Makala yake ya 2005 kuhusu sura mpya za riwaya ya Kiswahili, katika jarida la Research in African Literatures, yamesajiliwa kwa jina hilo. Anayetafuta kwa jina lililo kwenye jalada la Utengano atapata riwaya, tamthilia na diwani, akafunga rununu akiamini kwamba mwandishi huyo hakuwahi kueleza mawazo yake kuhusu utanzu anaoutunga. Ken Walibora naye, aliyefariki Aprili 2020, alitumia pia jina la ukoo la Waliaula katika kazi za kitaaluma. Mwaka wa 2013 alichapisha katika jarida la PMLA la Marekani makala kuhusu Boi, tafsiri ya riwaya ya Ferdinand Oyono, na safari yake katika soko la vitabu vya shule. Hiyo ni mada inayotuhusu sisi walimu moja kwa moja, na ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuisikia?

Anwani nazo zina vituko vyake. Andika "Siku Njema" peke yake uone: utaletewa salamu za asubuhi na picha za maua. Ongeza "Walibora" na "riwaya" ndipo kitafutio kitakapotulia. Tungo za kale ni ngumu zaidi, kwa maana lahaja huingia. Utungo wa Mwana Kupona wa 1858 utaupata mahali pamoja kama utendi na kwingine kama utenzi. Jina la mtunzi huandikwa kwa neno moja au mawili. Al-Inkishafi hupoteza "Al" yake katika orodha nyingine, na Utendi wa Tambuka hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi tofauti ya lahaja za kaskazini na Kiswahili sanifu kwa ajili ya swali la "uhuru wa mshairi" angeweza kuutumia utafutaji huu wenyewe kama zoezi.

Kisha kuna lugha ya orodha. Maktaba nyingi za vyuo hufuata vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo lugha yetu ni "Swahili", wala si "Kiswahili", na riwaya zetu zimewekwa chini ya "Swahili fiction", ushairi chini ya "Swahili poetry". Mwanafunzi tuliyemzoeza kwamba ni kosa kuiita lugha hii "Kiingereza-Kiswahili" atahitaji kuambiwa kwamba mlango huu hubishwa kwa Kiingereza hata pale kilichomo ndani kimeandikwa kwa Kiswahili. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na kulinyamazia jambo hili ni kumnyima mwanafunzi ufunguo.

Milango iliyofungwa kweli ipo, tusijidanganye. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa hati yake mwaka wa 2016, kiko Migori. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichopata yake mwaka wa 2022, kiko Homa Bay mjini. Vyuo vya Kenya hununua majarida kwa ushirika kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, ulioanza mwaka wa 2003. Majarida hayo hufunguka kwa wanafunzi na wahadhiri wa vyuo wenye nywila. Mwalimu wa shule ya upili aliye umbali wa kilomita mbili kutoka lango la chuo hahesabiwi, hata akiwa ndiye anayewaandaa wanafunzi watakaojiunga na chuo hicho. Naona hili kuwa pengo la sera linaloweza kuzibwa kwa barua na kikao, wala halihitaji mfadhili: chuo kumruhusu mwalimu wa kaunti yake kuketi katika maktaba siku ya Jumamosi. Wakati tunasubiri, JSTOR humruhusu mtu yeyote kujisajili bure na kusoma hadi makala 100 kwa mwezi mtandaoni, bila kuyapakua. Research in African Literatures imo humo.

Sasa nije kwenye swali ambalo msomaji mwenye haraka ameshaliuliza: mambo haya yataongeza alama gani? Nitoe mfano mmoja, na nitauchukua kutoka Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Walibora iliyotahiniwa hadi 2017, ili nisimpe mtahiniwa wa sasa jibu la kukariri.

Mwongozo utasema Amani ni mvumilivu, mwenye utu na msamehevu. Ni kweli. Utasema pia kwamba Majisifu ni mlevi na mwizi wa mswada. Nalo ni kweli. Katika orodha, sifa hizi hukaa mbali mbali, kila mhusika na kisanduku chake. Lakini mwaka wa 2009, kabla ya riwaya hiyo kutoka, Walibora alikuwa amechapisha makala yenye anwani "Prison, Poetry, and Polyphony in Abdilatif Abdalla's Sauti ya Dhiki". Anwani pekee inatupa maneno matatu ya kufanyia kazi: gereza, ushairi na wingi wa sauti. Sauti ya Dhiki ni diwani ya mashairi aliyoyatunga Abdilatif akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, kwa kosa la kuandika kijikaratasi Kenya: Twendapi? Ilichapishwa mwaka wa 1973. Mwandishi aliyeshughulika na maswali ya gereza na sauti kwa kiasi hicho, je, gereza katika riwaya yake ni tukio la kusukuma ploti tu?

Nilipoliweka swali hili mbele ya kidato cha tatu, darasa lilirudi kwenye kitabu badala ya kurudi kwenye mwongozo. Amani na Imani wanatiwa korokoroni kwa sababu ya kifo cha mtoto Uhuru ambacho hawakukisababisha. Mswada wa Amani nao unatolewa kwa jina la Majisifu. Tukiyaweka matukio haya mawili kando kando, tunaona kwamba ni dhuluma ya aina moja. Korokoro inaufungia mwili, na wizi wa mswada unaifungia sauti. Kaka wawili, Mtemi Nasaba Bora na Majisifu, wamegawana kazi. Kwa hiyo suala la uongozi mbaya na suala la wizi wa maandishi, ambayo mwongozo huyatenga katika kurasa tofauti, yanakuwa hoja moja. Fauka ya hayo, sauti iliyoibwa haikufa. Kitabu kinasomwa na kusifiwa Sokomoko, ila kwa jina lisilo lake. Hapo Abdilatif na Amani wanaachana: wa kwanza alifungwa akabaki na jina juu ya jalada, wa pili alipoteza jina hata alipokuwa huru. Msichana mmoja aliuliza kama maktaba ya Sokomoko ingekuwa na orodha, kitabu kingesajiliwa kwa jina la nani. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nadhani ni swali bora kuliko mengi niliyoyaona katika karatasi za majaribio.

Ikumbukwe kwamba darasa halikunukuu hata sentensi moja ya Walibora mhakiki. Mtihani haudai nukuu za wataalamu, wala simshauri mtahiniwa azipachike ili aonekane msomi. Kilichopatikana ni swali, na swali hilo liliwapa wanafunzi sababu ya kuufungua tena ukurasa waliodhani wameumaliza. Alama hutoka hapo, kwenye matini.

Tahadhari mbili kuhusu ubora. Tasnifu haiwi na thamani kwa sababu tu iko katika hazina ya chuo. Zipo zinazotaja nadharia katika sura ya kwanza na kuisahau kufikia ya nne. Mwalimu atazame kama mtafiti ananukuu kitabu chenyewe na kama hitimisho lake linatokana na nukuu hizo. Pili, istilahi. Makala mengi yako kwa Kiingereza, na mwanafunzi akibeba neno lilivyo hadi kwenye insha ya Kiswahili, atakuwa amebeba mzigo asioujua. Afadhali aseme "wingi wa sauti" na kueleza ni sauti za akina nani.

Kuna pia suala la hakimiliki, nami sitalizunguka. Nakala za vitabu teule zinazosambazwa kwenye simu si maktaba ya kidijitali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, uhakiki na masomo ya binafsi, lakini haimruhusu mtu kuichapa riwaya nzima upya kwenye kikundi cha wazazi. Sisi tunaofundisha kisa cha Majisifu tukiwa na nakala kama hiyo mkononi tuna la kujieleza. Hata mashirika makubwa yamebanwa: Internet Archive ilishindwa mwaka wa 2023 katika kesi ya wachapishaji wanne huko New York, rufaa yake ikakataliwa mwaka wa 2024, na vitabu zaidi ya 500,000 vikaondolewa katika azima yake. Vitabu vya kale nilivyovitaja, ambavyo hakimiliki yake ilikwisha, havikuguswa.

Kuhusu vifaa, mjadala wetu hutawaliwa na malalamiko ya umbali, ilhali umbali umeshindwa hapa hapa kwetu. Kisiwani Mfangano, ng'ambo ya Mbita, kituo cha Ekialo Kiona, jina lenye maana ya "ulimwengu mzima" kwa Kisuba, kiliwafungulia wakazi tarakilishi, intaneti na maktaba bila ada katika miaka ya 2010. Sharti la uanachama lilikuwa mtu apimwe virusi vya UKIMWI kila baada ya miezi sita. Napenda fikra ile, kwa sababu iliifunga maktaba na uhai wa watu wa ziwani, badala ya kuileta kama pambo. Palipoweza kufika mtambo na kebo kwa mashua, shule ya kando ya barabara ya Rongo hadi Isebania haiwezi kusingizia jiografia.

Kikwazo cha shule zetu ni kingine. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kumiliki rununu, nami siipingi kanuni hiyo. Maana yake ni kwamba kwa miezi tisa ya mwaka, maktaba ya kidijitali ya mtahiniwa ni mwalimu wake. Makala moja kwa muhula, yaliyopakuliwa kihalali, yakahifadhiwa kwenye flashi na kuchapwa nakala mbili za kusomewa darasani, ni mzigo ambao idara yoyote ya Kiswahili inaweza kuubeba. Mtahiniwa naye, likizo ikifika, asianze kwa kuandika "maswali na majibu". Aanze na jina la mwandishi, kisha jina la jarida.

Limebaki jambo la fasihi simulizi, ambapo sisi si wapokeaji tu. Ziwa Simbi liko karibu na Kendu Bay, na kisa cha kijiji kilichozama baada ya bibi kizee kunyimwa ukarimu kinasimuliwa na nyanya za wanafunzi wetu. Nyamgondho, mvuvi aliyeopoa mwanamke mzee ziwani akatajirika, kisha akamtukana na mali ikamfuata mwanamke huyo majini, ni wa pwani ya Gwassi. Wanafunzi hutumwa kila mwaka kukusanya masimulizi haya kama kazi ya nyanjani. Wengi siku hizi hurekodi kwa rununu za wazazi. Rekodi hizo hupewa alama, zikafutwa ili kupata nafasi ya picha, au hubaki kwenye kumbukumbu ya simu kwa jina la tarakimu ambalo hata aliyerekodi halitambui mwezi ukiisha. Ndiyo kusema tunatengeneza wenyewe ile orodha mbovu tunayoilalamikia kwa wengine. Kabla ya kukubali kazi ya mwanafunzi, mwalimu adai faili iwe na jina la kisa, mahali kiliposimuliwa, lugha ya masimulizi, tarehe, jina la fanani ikiwa ameridhia litajwe, na jina la mwanafunzi aliyekusanya.